Yule wa Nyuma ya Ukuta

Mtaani kwetu Derb Nekhla, hapa Marakeshi, hakuna aliyeoga maji ya moto bila ya Jilali, na hakuna aliyemkumbuka Jilali wakati anaoga. Kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa hamamu. Waogaji walikuwa na mlango wao wa mbele, wenye vigae na pazia safi. Yeye alikuwa na shimo lake kwa nyuma, unalifikia kwa kupita zizi la punda na kushuka ngazi zilizojaa masizi. Huko chini alishinda mchana kutwa akililisha tanuri maranda ya maseremala, kokwa za zeituni na vipande vya ngozi vilivyotupwa na washona viatu. Siku za Ijumaa mafundi walimletea vyungu vyao vya tangia, nyama na vitunguu saumu na ndimu ya chumvi, midomo imefungwa kwa karatasi na uzi, naye akavifukia majivuni viive polepole. Jioni walikuja kuvichukua wakaenda kulia bustanini, kundi zima, kwa kelele na ngoma. Chungu chake hakikuwamo kamwe. Tangia haipikwi na mtu kula peke yake, na Jilali hakuwa na wa kula naye.

Msidhani alizaliwa hivyo. Alikuja mjini kijana, mchekaji, akamwoa Mbarka binti wa mtengeneza chekecheke, na walioishi ukuta mmoja nao wanasema mwanzoni mtu hakupata usingizi wa mchana kwa vicheko vya nyumba ile. Mungu hakuwajalia mtoto. Walilia, wakanyamaza, wakazidi kupendana. Kisha wasiwasi ukamwingia Jilali, na wasiwasi haupigi hodi.

Ulianzia kwenye udhu. Alikuwa akiosha mkono mpaka kwenye kiwiko, anafika mguuni, anajiuliza: kiwiko kile cha kushoto, kililowa au hakikulowa? Anarudia. Akifika mguuni, anajiuliza je, hii ya kurudia, alirudia kweli au aliwaza tu kwamba anarudia? Mtungi mzima unakwisha. Akienda msikitini, shida nyingine: takbira ya kuanzia sala. Mtu huifunga sala kwa nia moyoni na neno mdomoni, basi, anaendelea. Jilali alitamka, akajiuliza kama nia ilikuwapo wakati wa kutamka, akaanza upya. "Allahu... Allahu... Allahu..." Imamu ameshainama, watu wameshainama, yeye amesimama peke yake kama mlingoti.

"Ba Jilali," akamtania Alal mshona majoho siku moja wakitoka, "gari lako bado haliwaki? Sema tukusukume!"

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Lakini kesho yake hakwenda, na kesho kutwa hakwenda, ikawa anaswali shimoni, au anajaribu kuswali, maana hata huko sala yake haikupita mwanzo. Mimi huona uchungu nikifikiria jambo hili. Mtaa mzima ulijitoharisha kwa maji aliyoyapasha mtu yule, naye mwenyewe hakuwahi kuwa na hakika kwamba yu safi.

Sasa siku ya maji. Mbarka aliamka mapema, akateka maji kwenye bomba la mtaa, akajaza mtungi wa kupikia kuskusi, maana alitarajia wageni wa kwao. Alipogeuka, Jilali alikuwa ameumaliza wote kwa kiwiko. Mbarka hakuwa mwanamke wa kupiga kelele, lakini siku hiyo alipiga.

"Mimi si punda wa kumtekea maji mtu asiyejua kama amelowa! Umenichosha, Jilali! Wallahi umenichosha!"

Jilali alisimama mlangoni, kifua kimejaa hasira na aibu, mdomo wazi. Akatoka. Na pale kwenye zizi la punda, kabla hajazishuka ngazi, ndipo swali likamjia: mdomo ule ulipokuwa wazi, ulitoa nini? Neno la kumwacha mke, kwa talaka tatu, lilimpitia kichwani, hilo alikuwa na hakika nalo, au karibu na hakika. Je, lilipita kichwani tu, au lilishuka ulimini? Na kama lilishuka ulimini, lilisikika? Neno hilo halina mzaha. Ukilitamka kwa hasira, limetamkwa. Jilali alisimama katikati ya punda akijaribu kuusikia tena mdomo wake mwenyewe, na kila alivyojaribu, mara alisikia neno lile, mara hakulisikia.

Usiku huo hakuingia chumbani. Alitandika mkeka wake ghalani, mle mle nyumbani, kwenye magunia. Aliogopa kwamba, ikiwa ameshamwacha, kulala naye ni haramu kubwa kwake na kwa mwanamke wa watu.

"Nimekukosea nini?" Mbarka akamuuliza asubuhi.

"Hujanikosea."

"Ni yale maji?"

"Siyo maji."

Akauliza tena siku nyingine, na nyingine, kisha akaacha kuuliza. Ikawa Jilali huleta nyama na mboga akaviweka kizingitini. Mbarka hupika akasukuma sahani chini ya pazia la ghala. Misimu ikaja ikaenda, nywele za Mbarka zikaingia mvi upande mmoja na Jilali akaziona kwa kupitia upenyo wa pazia. Mnauliza kwa nini hakumwuliza mke mwenyewe, "Je, siku ile nilisema?" Aliogopa. Akijibu ndiyo, basi ndoa imekufa na haina wa kuifufua. Akijibu hapana, Jilali alijijua: angeanza kulishuku sikio la Mbarka, na angeongeza mtu wa pili katika kesi ile.

Alikwenda kwa Si Thami, na 'Si' kwetu ndiyo 'Bwana', fakihi wa msikiti wa mtaa, mzee mpole mwenye kikohozi.

"Siku ya ndoa, una hakika ulioa?" fakihi akamuuliza.

"Nina hakika, Si Thami. Mashahidi walikuwapo. Tulikula kuku."

"Na kumwacha, una hakika?"

"Sina."

"Basi una mke. Wewe shaka imekufanya nyumba yake, na mtu kama wewe shaka yake haihesabiwi. Nenda kalale kwako."

Jilali akambusu bega, akaondoka kwa furaha. Akafika mlangoni, akarudi. "Si Thami, nilikwambia kwamba nilikuwa na hasira?" Akaambiwa ndiyo, amesema. Kesho yake akaja: "Nilikwambia kwamba mdomo ulikuwa wazi?" Kesho kutwa: "Ile jana, nilikwambia yote, au nilidhani nimekwambia?" Mwisho fakihi yule mpole, akiliona joho la Jilali lenye matundu ya cheche linakuja kwa mbali, aliingia duka lolote lililo karibu. Siku moja aliingia kwa wauza hina akakuta wanawake peke yao, na hakutoka mpaka joho lilipopita.

Basi Jilali akabaki na tanuri. Huko hakuwa na wa kuzungumza naye ila moto, na watu wa upande wa pili wa ukuta wasiomjua. Ukuta ule ulikuwa na tundu lililopitisha bomba la maji, na kwenye tundu hilo sauti zilipita bila shida: asubuhi za wanaume, na kuanzia adhuhuri za wanawake. Alijua nani amemposa nani na mama mkwe gani ana roho mbaya. Maji yakipoa, waogaji waligonga bomba kwa ndoo na kupiga ukelele, "Moto!" Naye akaligonga kwa sepetu, kuwajibu kwamba amesikia. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake na ulimwengu.

Na kwa kuwa alikuwa peke yake, alizoea kusema kwa sauti. "Nilisema. Sikusema. Nilikuwa mlangoni, yeye alikuwa kwenye mtungi. Nilisema. Sikusema." Alishinda hivyo, akichota maranda na kuyatupa motoni. Kwa miaka yote aliyokaa akisikia watu kupitia tundu lile, haikumpitia akilini hata mara moja kwamba na wao wanaweza kumsikia.

Alasiri moja, wanawake wamejaa, akasikia sauti ya Hadda, yule tayaba, msuguaji wa migongo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki.

"Shss! Nyamazeni! Linanong'ona tena!"

"Lipi?" mwingine akauliza.

"Jini! Jini la hamamu! Haki ya Mungu, pale pale ukutani. Sikilizeni!"

Jilali akanyamaza ghafla, sepetu hewani. Jini? Karibu na tanuri lake?

"Limenyamaza," alisema Hadda. "Limejua tunalisema."

"Mwenyezi Mungu atulinde. Leteni chumvi!"

Akasikia chumvi inamwagwa kwenye mfereji, akasikia mabismillahi mengi, watoto wanalia. Alikaa kimya mpaka wakasahau. Kisha, taratibu, akasema: "Nilisema. Sikusema." Na mara hiyo Hadda akapiga yowe: "Hilooo!"

Mtu mwingine angecheka akaita, "Ni mimi, enyi wanawake, ni Jilali wa moto!" Lakini huyu hakuwa mtu mwingine. Aliitazama mikono yake myeusi kwa masizi. Nani amemwona tangu asubuhi? Punda. Nani amemwita jina lake wiki hii? Mke hamtaji. Msikitini hayupo safuni. Wote wanakubaliana kwamba nyuma ya ukuta kuna jini, na nyuma ya ukuta hapana mwingine ila yeye. Akaona baridi mbele ya moto.

Kwa siku kadhaa alifanya kazi mdomo kaufunga kwa kilemba, huku akijitafuta. Alianza na mkono: mkono huu ni wangu, kwa hiyo nipo. Lakini ndotoni pia alikuwa na mkono, na akiamka haukuwa ule. Akaunyoosha karibu na moto mpaka ukauma. Lakini aliwahi kuungua ndotoni akaamka analia, na hapakuwa na moto. Akashika jina lake. Jina? Hata waliokufa wanatajwa majina. Akashika kumbukumbu ya harusi, kuku na mashahidi, lakini kumbukumbu ndiyo iliyomtia ghalani, hakuiamini tena. Kila alichokikanyaga kilizama. Alikaa juu ya magunia ya kokwa, kichwa mikononi, akaogopa kweli kweli, woga wa mtoto aliyeamka nyumba tupu.

Na ndani ya woga huo akajiuliza jambo dogo. Haya mahangaiko yanamhangaisha nani? Punda hana shaka. Sepetu halina shaka. Tanuri linawaka, halijiulizi kama linawaka. Hiki kinachouma hapa, yupo kinayemuuma. Akakifungua kilemba mdomoni, akalisema polepole, kama anayejaribu jino bovu kwa ulimi: "Hata nikiwa jini, basi ni jini mwenye wasiwasi. Hata nikiwa nadanganywa, yupo anayedanganywa. Nikishuku kwamba nipo, anayeshuku nani?"

Alingoja lizame. Halikuzama. Akalishuku kwa makusudi, kwa ufundi wote alioupata katika miaka ya viwiko na takbira, na kila alivyolishuku likazidi kusimama, maana ni yeye yule aliyekuwa akilishuku. Jilali akacheka. Wale wenye kumjua wanaweza kuapa hakuwahi kucheka hivyo tangu nyumba ile ya vicheko. Akapanda ngazi mbio apate wa kumwambia.

Juu palikuwa na punda. Wakamtazama, wakarudi kwenye majani yao.

Alisimama pale, maneno yamemjaa mdomoni. Amwambie nani? Alal atamuuliza kama gari limewaka. Si Thami atakimbilia kwa wauza hina. Mbarka... Akashuka tena, taratibu. Yupo, sawa. Hakuna tena wa kumnyang'anya hilo. Lakini alikuwa amepata hakika ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa chini ya ardhi na magunia. Upweke wake haukupungua hata chembe. Ulizidi, kwa sababu zamani alikuwa mpweke asiyejua kama yupo, na sasa alijua fika kwamba huyu aliye mpweke ni yeye. Alilia kidogo, akaongeza maranda, na bila kujua akarudia wimbo wake wa zamani. "Nilisema. Sikusema. Nilimwacha. Sikumwacha."

Alasiri iliyofuata Hadda aliingia hamamuni na mtu.

"Pita, Lalla Mbarka, pita. Najua huogi hapa kwetu, unatukimbia. Lakini lazima usikie kwa masikio yako ukamwonye mumeo. Maskini, anakaa nalo huko nyuma, litampanda kichwani."

Jilali aliposikia jina lile, sepetu lilimponyoka.

"Linasema nini hilo jini lenu?" Sauti ya Mbarka. Alikuwa hajaisikia karibu hivyo kwa muda mrefu, imekuwa nzito kidogo.

"Ah, dada yangu, 'nilisema, sikusema, nilisema, sikusema', mchana kutwa! Halafu, 'nilimwacha, sikumwacha'. Jini lina mke! Nao wana matatizo yao kama sisi!"

Wanawake wakaangua kicheko. "Labda mke wake hajui kupika," mmoja akasema, na kicheko kikaanza upya.

"Na linataja maji," akaongeza Hadda. "'Yeye alikuwa kwenye mtungi.' Mtungi gani, majini nao wanateka maji?"

Kicheko cha Mbarka hakikuwamo. Ndoo ikawekwa chini.

"Hebu nipisheni," akasema.

"Usikaribie sana, Lalla, lita..."

"Siyo jini huyo."

"Ni nani basi?"

"Ni mume wangu."

Bomba likagongwa. Siyo kwa ndoo, kwa vifundo vya vidole, mara tatu, kama mtu agongavyo mlango wa nyumba. Kisha sauti ikaja kwenye tundu, imeinama, iko hapo hapo.

"Jilali. Upo?"

Jilali alisogea mpaka ukutani. Kila neno alilowahi kulianza tangu wasiwasi umwingie, alilianza mara mbili, mara tatu, mara kumi. Alijua kwamba yupo, alikuwa ameligundua mwenyewe kwa taabu kubwa. Lakini hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Nipo," akasema.

Akangoja ulimi umwashe arudie. Lakini tayari lilikuwa limefika upande wa pili, kwa sababu alimsikia Mbarka akivuta pumzi.

"Ni siku ya yale maji?"

"Ndiyo."

"Ulisema?"

"Sijui, Mbarka. Wallahi sijui. Mdomo ulikuwa wazi."

"Na ndiyo maana ghalani. Miaka yote hii."

"Niliogopa kukufanyia haramu. Niliogopa kukuuliza."

Ni Hadda aliyeshindwa kuvumilia.

"Yaani mwanamke wa watu kalala peke yake kwa sababu ya mtu asiyejua kama kafungua mdomo? Toka huko, Ba Jilali! Toka nikusugue kwa jiwe!"

"Mwache," alisema Mbarka. Kisha, kwenye tundu: "Sikia. Mimi siku ile nilikupa mgongo. Nilikuwa nalia, naokota mtungi. Sikusikia kitu. Kama ulisema, sijui. Kama hukusema, sijui vilevile, na usije ukaniuliza, sitakudanganya. Ninalolijua ni kwamba baba yangu alikushika mkono mbele ya watu, na mimi nikakubali nikiwa na akili zangu. Hilo nalijua. Mimi nilidhani umenichoka, Jilali. Nilikuwa nakaa upande wa pili wa pazia najiuliza kama mimi ni mtu."

Ni yale yale ya Si Thami, ukiyapima. Ila Si Thami hakuyasema akilia.

Jilali aliweka paji la uso ukutani, pale penye joto.

"Maji yamepoa," Mbarka akasema mwishowe, akipenga. "Chochea moto, watu wanaoga. Na jioni ukija, usipite ghalani."

Alichochea mpaka wanawake wakaanza kulalamika kwamba wanaungua.

Magharibi aliingia kwake. Mbarka alikuwa ameweka meza katikati ya chumba, supu ya maharage na mkate, sahani moja. Alileta birika na beseni, akasimama mbele yake kumnawisha kama kila nyumba inavyofanya, na Jilali akanyoosha mikono. Maji yakapita juu ya vidole, yakaanguka beseni­ni yakiwa meusi. Mbarka aliendelea kushika birika tayari, uso kaugeuza kando. Alimjua. Alikuwa amejaza birika mpaka juu, na jingine alikuwa ameliacha karibu na mlango.

Jilali aliitazama mikono yake. Kwenye kucha mlikuwa bado na masizi, na kidole kidogo cha kushoto, hakukumbuka kama kilipata maji.

"Tosha," akasema.

Mbarka hakuamini, akainamisha birika tena. Lakini Jilali alikwisha kuirudisha mikono yake. Kidole kile kilimwasha. Akauchukua mkate, akaumega, na kipande cha kwanza akampa yeye.